Konokono wa Paisley na Mlango wa Mahakama



Ndugu msomaji, kuna neno moja ambalo limewarudisha nyumbani watu wengi wenye haki zao, na khasa wanawake. Neno lenyewe ni "huna kesi". Mjane hulisikia kwa mashemeji anapouliza habari za shamba la marehemu. Mama aliyeuziwa maziwa yaliyoharibika hulisikia dukani. Wakati mwingine husemwa na mtu mwenye elimu yake, aliyekaa nyuma ya meza, wala hainui macho kutoka kwenye karatasi zake. Na aliyeambiwa huinuka, akajitanda buibui lake akaenda zake, asijue khasa ameambiwa nini.

Hajui kwa sababu neno hilo moja hubeba maana nne zilizo mbalimbali. La kwanza ni kuwa asemayo, hata yakiwa ni kweli tupu, sheria haimpi haki ya kudai. La pili ni kuwa haki ya kudai anayo, bali hana ushahidi. La tatu ni kuwa amechelewa, na muda uliowekwa umempita. La nne ni kuwa amebisha hodi katika mlango usiokuwa wake. Kila moja katika haya lina dawa yake, na mwenye kuyachanganya ni kama anayempa mgonjwa wa macho dawa ya tumbo. Wiki hii nataka tukae na hilo la kwanza, kwani ndilo lililo gumu kufahamika, na ndilo ambalo mara nyingi huamuliwa katika rufaa, kabla hata shahidi mmoja hajasimama kizimbani.

Njia bora ya kulifahamu ni kupitia kisa cha mwanamke mmoja maskini wa Uskoti, ambaye jina lake husomeshwa katika vyuo vya sheria hadi leo, pamoja na hapa kwetu Kenya.

Chupa ya rangi ya hudhurungi

Mwanamke huyo aliitwa May Donoghue. Alikuwa mfanyakazi wa dukani mjini Glasgow, ameachana na mumewe kwa makazi, na katika watoto wanne aliojaaliwa alibakiwa na mmoja. Jioni ya Jumapili, tarehe 26 Agosti 1928, alikwenda na rafiki yake katika mkahawa mmoja mjini Paisley, karibu na Glasgow. Rafiki ndiye aliyeagiza na ndiye aliyelipa. May akaletewa aiskrimu, na juu yake mwenye mkahawa akammiminia kinywaji cha tangawizi kutoka katika chupa. Chupa ilikuwa ya kioo cha hudhurungi kizito kisichoonyesha kilichomo ndani, na imefungwa vile vile ilivyotoka kiwandani.

May akala, akanywa. Kisha rafiki akachukua chupa ili ammiminie kilichobaki. Hapo, kwa maelezo yake May, pakaelea mabaki ya konokono aliyeoza. Alieleza kuwa alishtuka na kuumwa na tumbo, akaenda kwa daktari siku tatu baadaye, na katikati ya Septemba akapokewa hospitalini Glasgow.

Sasa, msomaji wangu, tutazame shida yake kwa jicho la sheria ya wakati ule. Nani wa kudaiwa? Mwenye mkahawa hakutengeneza kinywaji, wala hakuweza kuona ndani ya chupa. Zaidi ya hayo, mwenye mkahawa alifanya biashara na rafiki, hakufanya na May. Mkataba ni wa waliofungamana, na May hakuwamo. Rafiki aliyekuwa na mkataba hakudhurika, na May aliyedhurika hakuwa na mkataba. Akabaki David Stevenson, mtengenezaji, ambaye jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya chupa na kiwanda chake hakikuwa mbali na mkahawa ule. Lakini Stevenson naye hakumuuzia May chochote. Fikra iliyotawala mahakamani ilikuwa kwamba mtengenezaji hana wajibu kwa mnywaji asiye na mkataba naye, isipokuwa katika mambo machache maalumu, kama vile kitu ambacho kwa tabia yake ni cha hatari.

Tena fikra hiyo haikuwa ya kale. Tarehe 20 Machi 1929, mahakama kuu ya madai ya Uskoti, iliyoko Edinburgh, iliwakatalia watu waliodai kuwa wamekuta panya ndani ya chupa za kinywaji cha namna hiyo hiyo kilichotengenezwa na kampuni nyingine. Wakili wao aliitwa Walter Leechman. Wakili mwingine angelifunga jalada lake. Leechman, siku ishirini tu baada ya kushindwa, tarehe 9 Aprili 1929, alimfungulia May Donoghue kesi mpya dhidi ya Stevenson, akidai fidia ya pauni 500.

Pingamizi kabla ya ushahidi

Stevenson alikanusha. Alisema chupa zake hazina konokono. Lakini mawakili wake walikuwa na ngao ya pili iliyo madhubuti zaidi. Walisema: hata tukikubali kwa ajili ya hoja kwamba konokono alikuwamo, na kwamba mama huyu aliugua kwa sababu yake, bado sheria haimpi chochote. Basi kuna haja gani ya kuita mashahidi? Kesi na ifutwe sasa hivi.

Hilo ndilo suala letu la leo. Hapo jaji haulizi "je, ni kweli?". Huuliza "lau ni kweli, je, lina hukumu?". Huyachukua maneno ya mdai kama yalivyoandikwa katika hati yake, akayadhania kuwa yote ni sahihi, kisha akayapima kwa mizani ya sheria. Yakiwa na uzito, kesi huendelea na mashahidi huitwa. Yakiwa hayana, kesi huishia hapo mlangoni.

Jaji wa kwanza, Lodi Moncrieff, tarehe 27 Juni 1930, aliona kuwa dai lina uzito na akaamuru ushahidi usikizwe. Stevenson akakata rufaa. Tarehe 13 Novemba 1930 majaji wanne wa ngazi ya pili wakatoa uamuzi, na watatu kati yao wakaitupa kesi, kwa kuwa walikwisha kuamua vivyo hivyo katika ile ya panya. Jaji mmoja tu, Lodi Hunter, ndiye aliyekuwa upande wa May.

Ilibaki ngazi moja, nayo ni Baraza la Malodi huko London, ambalo wakati huo lilikuwa ndiyo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Kufika huko kulihitaji fedha, na mwenye kukata rufaa alitakiwa aweke dhamana ya gharama za mpinzani wake iwapo atashindwa. May hakuwa nayo. Aliomba aruhusiwe kudai kama fukara, akaapa kuwa mali yake yote duniani haifiki pauni tano. Mchungaji wa kanisa lake na wazee wawili wakatoa ushahidi juu ya hali yake. Ombi likakubaliwa, na mawakili wake wakafanya kazi bila ya malipo.

Nakuomba hapa usimame kidogo, ndugu yangu. Mwanamke asiyemiliki pauni tano, ambaye majaji watatu walikwisha kumwambia kuwa hana kesi, anasimama mbele ya mahakama ya juu ya dola kubwa kuliko zote za zama zake. Hakwenda kuthibitisha lolote. Alikwenda kuomba ruhusa ya kuthibitisha. Wahenga wetu husema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya kwanza ya mnyonge ni kusikizwa.

Watatu kwa wawili

Uamuzi ulitolewa tarehe 26 Mei 1932. Malodi watano walikuwa wamesikiliza, na wakagawanyika watatu kwa wawili.

Wawili waliokataa, Lodi Buckmaster na Lodi Tomlin, hawakuwa watu wasiojali. Hofu yao ilikuwa na mantiki. Walisema, tukiufungua mlango huu, utafungwa wapi? Leo ni mtengenezaji wa soda. Kesho ni mjenzi wa nyumba: dari ikimwangukia mpangaji miaka mingi baadaye, naye atadaiwa na mtu asiyemjua? Mfanyabiashara atalalaje ikiwa kila mtu duniani aweza kumshitaki? Msomaji asiyapuuze maneno haya. Sheria isiyo na mipaka ni dhuluma ya namna nyingine, na mtu haifai kuburutwa mahakamani kwa kila malalamiko yanayoweza kuandikwa.

Watatu walioshinda walikuwa Lodi Atkin, Lodi Thankerton na Lodi Macmillan. Hoja ya Lodi Atkin ndiyo iliyodumu. Alianza na agizo la kumpenda jirani, akasema kuwa likiingia katika sheria hugeuka kuwa wajibu wa kutomdhuru jirani. Kisha akauliza: jirani ni nani? Jibu lake, kwa muhtasari, ni kuwa jirani yako katika sheria ni yule ambaye kitendo chako kinamgusa kwa karibu na moja kwa moja, kiasi kwamba ilikupasa kumfikiria wakati unakitenda au unapokiacha. Mtu anayetia kinywaji katika chupa isiyoonyesha ndani, akaifunga ili isifunguliwe mpaka imfikie mnywaji, na akijua kuwa hakuna katikati atakayeweza kuikagua, basi mnywaji huyo ni jirani yake, hata kama hawajaonana.

Sisi watu wa pwani, ambao nyumba zetu za mitaa ya kale zimeegemeana ukuta kwa ukuta, neno jirani halituhitaji tafsiri. Twajua kuwa jirani hana mkataba nasi, na bado tuna wajibu kwake. Alilofanya Lodi Atkin ni kuuvua ujirani kutoka kwenye kuta za nyumba na kuuvisha kwenye matokeo ya vitendo. Mpishi wa mandazi ya kuuza alfajiri ana majirani kila nyumba itakayofikiwa na mandazi yake. Mwenye kuuza maji kwa mikokoteni, fundi wa breki za matatu, mchanganyaji dawa, wote wana majirani wasiowajua majina.

Baada ya ushindi

Hapa ndipo wengi wanapokosea katika kukisimulia kisa hiki. Husema mahakama ya London iliamua kuwa palikuwa na konokono katika chupa. Sivyo. Mahakama haikuamua hilo kabisa, wala haikuulizwa. Iliamua kuwa, lau alikuwamo kwa uzembe wa mtengenezaji, May ana haki ya kufidiwa. Kisha kesi ikarudishwa Edinburgh ili mashahidi waitwe.

Mashahidi hawakuitwa. Stevenson alifariki Novemba mwaka huo huo wa 1932, na wasimamizi wa mirathi yake baadaye wakapatana na upande wa May nje ya mahakama. Fedha zinazotajwa ni pauni 200. May mwenyewe alifariki mwaka 1958. Hivyo basi hadi leo hakuna mahakama iliyothibitisha kuwa yule konokono alipata kuwapo. Wajibu wa uangalifu unaomlinda mtoto wako anapokunywa soda umejengwa juu ya neno moja dogo, "lau".

Nimelirefusha jambo hili kwa makusudi. Kushinda rufaa ya aina hii si kushinda kesi. Ni kufunguliwa mlango tu, na ndani kuna kazi nzima ya kuthibitisha. Vile vile, mtu akishindwa mlangoni haina maana kuwa ameambiwa ni mwongo. Majaji watatu wa Edinburgh hawakumwita May mwongo. Walisema tu kwamba sheria, kama walivyoifahamu, haikuwa na chombo cha kupokea aliyoyasema.

Kwetu Kenya

Sheria yetu ya Mahakama, Sura ya 8, imeingiza nchini misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza kwa kadiri hali za wananchi zinavyoruhusu, na mahakama zetu zimekuwa zikiutumia wajibu huu wa ujirani katika kesi za uzembe kwa miaka mingi. Hilo pingamizi la mlangoni nalo tunalo. Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za 2010, katika Amri ya 2, kanuni ya 15, zinampa jaji au hakimu uwezo wa kuifuta hati ya madai isiyoonyesha msingi wa dai unaokubalika. Kanuni hiyo hiyo inakataza kuleta ushahidi katika ombi la namna hiyo. Kwa nini ikataze? Kwa sababu suala ni lile lile: lau aliyoyaandika ni kweli, je, ana dai?

Mwaka 1969, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza jambo hili katika kesi ya kampuni ya biskuti ya Mukisa dhidi ya West End Distributors. Ilisema pingamizi la awali ni hoja ya sheria tupu, inayojengwa juu ya kukubali kuwa mambo yote aliyoyaeleza mpinzani ni sahihi. Likihitaji kuchunguza nani anasema kweli, basi si pingamizi la awali tena.

Na katika kesi ya D.T. Dobie na Muchina, Rufaa ya Madai nambari 37 ya 1978, Jaji Madan, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya, aliweka msingi ambao mawakili wetu wanautaja karibu kila wiki. Maana yake ni kwamba kesi isifutwe mlangoni ila pale ilipo dhahiri kuwa haina matumaini kabisa, na kwamba hata kuirekebisha hakutaifaa. Ikiwa ina dalili tu ya uhai, na yaweza kutiwa roho kwa kurekebishwa, basi iachwe iendelee. Katiba ya 2010 ikaja kuitilia nguvu roho hiyo: Kifungu cha 48 kinahusu kila mtu kuifikia haki, na cha 159 kinaagiza mahakama zisizame mno katika ufundi wa taratibu zikaisahau haki yenyewe.

Mizani hii si ngeni kwa mafakihi

Aliyekaa chini ya mwalimu akasoma Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho kimesomeshwa katika pwani hii kizazi baada ya kizazi, anajua kuwa kadhi naye hana budi kuuliza kwanza kama daawa inasikika, kabla ya kumtaka mdai ushahidi au kumwapisha anayekanusha. Daawa ina masharti yake: idaiwe kitu kinachojulikana, kwa mtu anayejulikana, na iwe ni jambo ambalo likithibiti litamlazimu mdaiwa.

Chukua mfano wa hiba. Mtu akija kwa kadhi akasema, "Fulani alinipa nyumba hii," akanyamaza hapo, daawa yake kwa madhehebu ya Shafi hairuhusiwi kuendelea. Hiba haimlazimu mtoaji mpaka ikabidhiwe, na huyu hakusema kuwa alikabidhiwa. Hakuna aliyemwambia ni mwongo. Maneno yake, hata yakiwa ni kweli yote, hayajafika. Akisema, "Alinipa, nami nikaipokea kwa idhini yake," sasa daawa imesikika, na ndipo anapotakiwa kuleta mashahidi. Tazama jinsi sentensi moja ilivyotenganisha mwenye dai na asiyekuwa nalo. Ni wajane na mabinti wangapi waliorudishwa kwa kukosa sentensi hiyo, ilhali jambo lenyewe lilitokea na funguo walikabidhiwa mbele ya watu?

Ukiambiwa huna kesi

Sasa turudi katika zile maana nne. Mtu akikuambia huna kesi, usiinuke. Muulize kwa adabu: "Unakusudia maana ipi?"

Akikuambia kuwa hata ukweli wako haukupi haki, mtake akuonyeshe ni wajibu gani unaokosekana. Huenda hati imeandikwa vibaya tu, na kurekebisha kunaruhusiwa. Hati ya madai yatakiwa ieleze mambo yenyewe yaliyozaa dai, na lini na wapi yalitokea. Usiandike hasira zako wala historia ya ukoo wote. Andika ni nani, alitakiwa afanye nini kwako, alifanya au aliacha nini, siku gani, mahali gani, umedhurika vipi, na unaomba nini. May Donoghue aliifikia mahakama ya juu kwa maelezo mafupi ya jioni moja.

Akikuambia huna ushahidi, hilo ni jambo jingine, na mara nyingi ni jambo la nyumbani. Weka risiti. Chupa au pakiti yenye kasoro usiitupe kwa karaha; ifunge uiweke. Nenda hospitalini upate karatasi yenye tarehe. Waandike majina waliokuwapo siku hiyo, kwani kumbukumbu za watu hunyauka kama majani ya mnazi yaliyokatwa.

Akikuambia umechelewa, hesabu miezi kabla ya kukubali. Kwa Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, dai la uzembe lafunguliwa ndani ya miaka 3, na la mkataba ndani ya miaka 6. Rufaa kutoka mahakama ya chini kwenda Mahakama Kuu ni siku 30, ingawa mahakama yaweza kuongeza muda kukiwa na sababu njema. Siku hizo thelathini hupita upesi kuliko Ramadhani, na vikao vya familia visivyokwisha vimewanyima wengi rufaa zao.

Akikuambia umekosea mlango, shukuru, kwani amekuelekeza. Mahakama ya Kadhi, kwa Kifungu cha 170 cha Katiba, inasikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, ikiwa pande zote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Habari za soda yenye uchafu au deni la duka si zake. Hizo zina mlango mwingine, na kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo mtu aweza kusimama mwenyewe na kesi yakusudiwa imalizike ndani ya siku 60. Na anayetoka kwa Kadhi bila ya kuridhika, mlango wa Mahakama Kuu u wazi kwake, na katika rufaa hiyo Kadhi Mkuu au makadhi wengine wawili huketi pamoja na jaji kama washauri.

Asiye na uwezo naye asidhani mlango wake umefungwa kwa kufuli la fedha. Kanuni zetu za madai, katika Amri ya 33, zinamruhusu fukara kufungua kesi bila ya kulipa ada, akithibitisha hali yake, kama alivyofanya May. Na kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliundwa huduma ya taifa ya kuwasaidia wasiojiweza. Kuomba msaada huo hakuna aibu.

Pamoja na hayo yote, tusije tukageuka watu wa kukimbilia mahakamani kwa kila neno. Suluhu ina baraka zake, na jirani wa ukuta ni bora kuliko hukumu ya karatasi. Lakini suluhu ya kweli ni ya watu wawili wanaojua haki zao, kisha mmoja akalegeza. Anayenyamaza kwa sababu ameambiwa huna kesi, na asijue maana yake, huyo hakusuluhishwa. Amenyamazishwa.

Basi wazazi, kaeni na watoto wenu mwasimulie kisa cha chupa hii. Wafundisheni wavulana watakaokuwa mafundi, wapishi na wenye maduka kwamba wana majirani wasiowaona, na kila kifuniko wanachokifunga ni amana. Wafundisheni mabinti kuwa kuuliza "kwa nini sina?" si utovu wa adabu. Jibu la swali hilo ni haki yao, nao walitake kwa sauti ya upole na karatasi zilizopangwa vizuri.